Ganzi ilipokosa kushika: uchambuzi wa kisa cha utulizaji katika upasuaji wa gego la mwisho

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa si mtu mmoja halisi. Amejengwa kutokana na makosa yanayojirudia katika vyumba vya upasuaji wa kinywa ambako mgonjwa huja asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Dawa, dozi na muda wake wa kufanya kazi ni zile zile za kila siku.

Mwanamke wa miaka 27, uzito kilo 56, amekuja kutolewa magego mawili ya mwisho ya taya la chini, namba 48 la kulia na namba 38 la kushoto. Yote mawili yamelala yakiegemea jino la mbele yake, na sehemu ya taji imefunikwa na mfupa. Anaogopa sana sindano na sauti ya keekee, kwa hiyo imekubaliwa apewe dawa ya kumtuliza kupitia mshipa. Hana presha, pumu wala kisukari. Hajala tangu saa 4 usiku. Presha yake ni 118/74, mapigo ya moyo 92, oksijeni ya damu 98% akivuta hewa ya kawaida. Kinywa kinafunguka vizuri na koo ni Mallampati 2, yaani linaonekana vya kutosha kwa kipimo cha ngazi 1 hadi 4. Kwa karatasi, huyu ni mgonjwa mwepesi.

Katika fomu kuna mstari mmoja ambao ulisomwa na kuachwa: ana mzio wa penisilini, na kwa sababu fizi iliyofunika gego la kulia ilivimba wiki iliyopita, anatumia erithromaisini 500 mg mara 4 kwa siku. Leo ni siku ya 5.

Mpango ulikuwa midazolamu, dawa ya kutuliza, peke yake pamoja na ganzi. Fentanili, dawa kali ya maumivu, iliwekwa mezani "kama itahitajika". Maneno hayo mawili ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata, kwa sababu hakuna aliyesema mapema itahitajika kwa ajili gani.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Hesabu ya dakika inaanzia sindano ya kwanza ya midazolamu. Kanula namba 22 imewekwa mgongoni mwa mkono wa kushoto, oksijeni lita 2 kwa dakika inapita kwenye mrija wa puani, kipimo cha oksijeni kiko kidoleni, presha inapimwa kila dakika 5. Kapnografi, kifaa kinachoonyesha kila pumzi kwa kupima hewa anayotoa mgonjwa, haipo.

Dakika ya 0 anapewa midazolamu 2 mg, dakika ya 2 anaongezwa 1 mg, dakika ya 4 nyingine 1 mg. Jumla 4 mg. Kope zinalegea, maneno yanaburuzika, lakini akiambiwa afungue kinywa anafungua. Hadi hapa hakuna kosa. Huu ndio utulizaji wa mgonjwa akiwa na fahamu kama unavyotakiwa: mgonjwa anasikia, anajibu, anapumua mwenyewe na analinda koo lake mwenyewe.

Dakika ya 8 anachomwa ganzi ya taya la chini upande wa kulia: lignokeini 2% yenye adrenalini 1:80,000, katriji (vichupa vya ganzi) mbili za 1.8 ml, sehemu ya katriji ya pili ikienda kwenye fizi ya upande wa shavu. Anaulizwa, "Mdomo umekufa ganzi?" Anaitikia, "Mmm." Jibu hilo linaandikwa kuwa ganzi imeshika.

Dakika ya 16 fizi inachanwa, ametulia. Dakika ya 22 mfupa unaanza kukatwa, ametulia bado. Dakika ya 26 keekee inaingia ndani ya jino ili ligawanywe, na hapo mkono wa kulia unanyanyuka, uso unakunjamana, mapigo yanapanda hadi 124. Anageuza kichwa.

Dakika ya 27 anapewa fentanili mikrogramu 50. Dakika ya 28 midazolamu 1 mg. Keekee inarudi, anajinyonganyonga tena. Dakika ya 31 fentanili nyingine mikrogramu 50, dakika ya 32 midazolamu 1 mg. Sasa ana jumla ya midazolamu 6 mg na fentanili mikrogramu 100. Dakika ya 34 daktari anaamua kurudia ganzi kwa katriji moja, safari hii akiingia juu zaidi. Dakika 3 baadaye mgonjwa hasogei kabisa. Mapigo yanashuka hadi 78. Dakika ya 40 jino limetoka vipande viwili.

Shimo linasafishwa, chachi inawekwa, ushonaji unaanza. Chumba kinatulia, na kila mtu anaona kazi imeisha vizuri. Kipimo cha kidoleni kinasoma 97%. Dakika ya 43 muuguzi anamwita jina, haitiki. Anamgusa bega, haitiki. Dakika ya 44 kipimo kinasoma 92%, dakika ya 45 kinasoma 84%. Kifua hakipandi.

Kilichofanyika ndani ya dakika 3 zilizofuata kilikuwa sahihi, na inafaa kukitazama kwa karibu kwa sababu ndicho kilichomwokoa. Sindano ya kushonea iliwekwa chini. Chachi zote zilitolewa kinywani na kuhesabiwa, damu na mate vikanyonywa, kiti kikalazwa kabisa. Taya lilisukumwa mbele kwa vidole viwili nyuma ya pembe zake. Barakoa ilibanwa usoni na mfuko wa kupulizia ukaunganishwa na oksijeni lita 15 kwa dakika, pumzi moja kila sekunde 5 au 6, kifua kikipanda kila pumzi. Kufikia dakika ya 47 kipimo kilisoma 96%. Ni baada ya hapo tu mkono ulikwenda kwenye dawa za kubatilisha. Dawa inachukua muda kufutwa vumbi, kuvunjwa ampuli na kuvutwa, mapafu hayasubiri.

Naloksoni, inayobatilisha fentanili, ya ampuli ya 0.4 mg ilichanganywa na maji ya chumvi hadi kufika 10 ml, ili kila mililita iwe na mikrogramu 40. Alipewa 2 ml, akaanza kupumua mara 8 kwa dakika. Halafu flumazenili, inayobatilisha midazolamu, 0.2 mg, na baada ya dakika moja 0.1 mg nyingine. Akafumbua macho na kuuliza kama wameshaanza.

Saa moja baadaye, kwenye chumba cha kupumzikia, alisinzia tena kiasi cha kutojibu kwa urahisi.

Kosa la kwanza halikuwa dawa ya utulizaji

Turudi dakika ya 26. Mgonjwa aliyetulizwa vizuri aliinua mkono jino lilipoguswa kwa ndani, si fizi ilipochanwa wala mfupa ulipokatwa. Hiyo ni taarifa kamili kabisa. Fizi na uso wa mfupa upande wa shavu vilikuwa vimeshika. Kilichokuwa bado hai ni sehemu ya ndani ya jino, inayohudumiwa na mshipa wa fahamu wa taya la chini. Sindano kuu ilikosa shabaha. Jibu lake liko kwenye katriji ya ganzi, na lilitolewa dakika 8 baadaye, baada ya dawa nne za mshipani kuwa tayari zimeingia.

Je, kulikuwa na nafasi ya kuongeza ganzi? Tupige hesabu. Katriji ya 1.8 ml ya lignokeini 2% ina 36 mg. Kwa kilo 56, hata tukishika kikomo kikali cha 4.4 mg kwa kilo, mgonjwa anaruhusiwa 246 mg, yaani katriji 6. Adrenalini katika kila katriji ni mikrogramu 22.5, na kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni mikrogramu 200. Alikuwa ametumia katriji 2. Nafasi ilikuwepo tele.

Kwa nini basi mkono ulikwenda kwenye bomba la fentanili? Kwa sababu lilikuwa limeshavutwa na liko karibu, na kwa sababu mgonjwa anayejinyonganyonga anaonekana kama mgonjwa ambaye "hajalala vya kutosha". Mtazamo huo ndio wa kupigwa vita. Mgonjwa anapohangaika katikati ya kazi kuna mambo manne ya kufikiriwa kabla ya kugusa dawa: ana maumivu, amekosa hewa, kibofu kimejaa, au midazolamu yenyewe imemchochea badala ya kumtuliza, jambo linalowatokea baadhi ya watu. Kati ya hayo manne hakuna linalotibiwa kwa kuongeza midazolamu. La pili, ukiliongezea, unamuua mgonjwa.

Ganzi ya taya la chini inakosa mara nyingi kuliko nyingine zote mdomoni, kwa hiyo kuipima ni sehemu ya kuichoma. Swali "umekufa ganzi?" kwa mtu aliyepewa midazolamu halina thamani, ataitikia chochote. Subiri dakika 5 hadi 10, kisha chukua ncha kali ya kipimo cha fizi, bonyeza mdomo wa chini upande wenyewe, fizi ya upande wa shavu na ya upande wa ulimi, na utazame uso wake. Afadhali zaidi, mfundishe kabla ya dawa yoyote: "Ukisikia kitu chenye ncha, inua mkono wa kushoto." Maagizo aliyoyashika akiwa macho kamili huwa yanabaki. Ikikosa, usirudie pale pale kwa matumaini. Ingia juu zaidi kwa njia ya Gow-Gates, au kwa njia ya mdomo uliofungwa ya Akinosi kama taya limekaza kwa uvimbe. Ongeza nusu mililita upande wa ulimi karibu na gego la pili, kwa ajili ya matawi yanayopita huko. Kama jino tu ndilo lililobaki hai, 0.2 ml kwa shinikizo kando ya kila mzizi humaliza kazi mara nyingi.

Kilichotokea dakika ya 34

Maumivu ni kichocheo cha kupumua. Mgonjwa mwenye dawa nyingi damuni lakini anaumia anaendelea kupumua, kwa sababu maumivu yanamsukuma. Ukiyaondoa maumivu ghafla, dawa inabaki peke yake. Ndiyo maana hatari kubwa haikuja wakati wa keekee bali wakati wa kushona, baada ya ganzi ya pili kushika na jino kutoka. Timu ilipumua, mgonjwa akaacha.

Fentanili hufika kileleni dakika 3 hadi 5 baada ya kuingia mshipani, midazolamu vivyo hivyo. Tazama tena dakika ya 27 hadi 32: dawa nne katika dakika 5, kila moja ikitolewa kabla iliyotangulia haijaonyesha ilichoweza. Hakuna mtu duniani anayeweza kupima dozi kwa namna hiyo.

Halafu kuna nguvu ya dawa mbili pamoja. Utafiti wa Bailey na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1990 uliwapa watu 12 wenye afya, waliojitolea, midazolamu 0.05 mg kwa kilo na fentanili mikrogramu 2 kwa kilo. Midazolamu peke yake haikumshusha oksijeni yeyote. Fentanili peke yake ilishusha oksijeni ya watu 6. Zote mbili pamoja zilishusha ya watu 11, na 6 waliacha kupumua kabisa. Mgonjwa wetu alipata midazolamu 0.107 mg kwa kilo, mara mbili ya ile ya utafiti, na fentanili mikrogramu 1.8 kwa kilo. Hakuwa na bahati mbaya. Alifanya kile ambacho mwili hufanya.

Kipimo cha kidoleni hakikutoa onyo mapema, nacho hakikuharibika. Mtu anayepewa oksijeni puani ana akiba kwenye mapafu; anaweza kuacha kupumua na kipimo kikaendelea kusoma 97% kwa dakika kadhaa. Kinapima oksijeni, hakipimi pumzi. Kapnografi ingeonyesha mstari bapa kabla 97% haijaanza kuteremka, ingawa kwa kazi ya kinywa usomaji wake huvurugika mgonjwa anapopumulia mdomoni. Mahali isipopatikana, kuna kifaa cha bei ndogo kinachosahaulika: kichwa cha stetoskopu kilichobandikwa kwa plasta shingoni juu ya koo la hewa, muuguzi akisikiliza kila pumzi. Na kuna cha bure kabisa, ambacho ni kumsemesha mgonjwa kila dakika na kuandika kama alijibu. Katika kisa hiki mgonjwa hakusemeshwa kati ya dakika ya 32 na ya 43.

Mstari ulioachwa kwenye fomu

Midazolamu huvunjwavunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4, kilichoko kwenye ini na utumbo. Erithromaisini hukizuia. Olkkola na wenzake nchini Finland walionyesha mwaka 1993 kwamba erithromaisini hupandisha kiasi cha midazolamu ya kumeza mwilini zaidi ya mara 4, na hupunguza kasi ya kuondoka kwa ile ya mshipani kwa 54%.

Hapa kuna nukta inayochanganya wengi. Dozi ya kwanza ya mshipani haitaonekana kali kupita kawaida, kwa sababu mgonjwa huzinduka dozi ya kwanza inaposambaa kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli na mafuta, kabla ini halijafanya lake. Ndiyo maana 4 mg za mwanzo zilionekana za kawaida na zikawapa watu imani. Madhara yanaonekana kwenye dozi za kurudia, ambazo zinapanda juu ya dawa isiyoondoka, na kwenye mkia wa kuzinduka. Flumazenili hufanya kazi kwa muda wa dakika 30 hadi 60 hivi. Midazolamu yake ilikuwa bado ipo. Kule kusinzia upya baada ya saa moja kulikuwa kunahesabika tangu asubuhi.

Na dawa hiyo haikuwa ya lazima. Kwa uvimbe wa fizi juu ya gego la mwisho, kama kuna homa au taya limekaza na antibiotiki inahitajika, metronidazoli 400 mg mara 3 kwa siku kwa siku 3 inatosha kwa wengi, haina uhusiano na penisilini wala haizuii midazolamu kwa kiwango hiki. Azithromaisini, ingawa ni ndugu wa erithromaisini, karibu haikigusi kimeng'enya hicho. Mgonjwa akishakunywa erithromaisini au klarithromaisini, iache ipite siku kadhaa kwanza, kwa sababu kimeng'enya kilichozimwa hakirudi siku ile ile kidonge kinapoachwa.

Katika Afrika Mashariki swali hili haliishii kwenye antibiotiki. Wapo wagonjwa wanaotumia dawa za VVU za mstari wa pili zenye ritonaviri. Pamoja na lopinaviri na ritonaviri, midazolamu ya kumeza hupanda mara 13 na ya sindano mara 4. Kwa hawa ya kumeza ni marufuku, na ya mshipani hutolewa hospitalini penye mtu wa usingizi, kwa dozi iliyopunguzwa sana. Wanaotumia dolutegraviri hawana tatizo hilo. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu yuko upande wa pili: kimeng'enya chake kimechangamka kupita kiasi, midazolamu ya kumeza inapotea karibu yote kabla haijafika kichwani, na daktari asiyejua ataongeza na kuongeza. Wengi hawatasema habari za VVU wala kifua kikuu mbele ya foleni. Uliza faraghani, ukiwa umefunga mlango, na eleza sababu: "Dawa ya kukutuliza inagongana na baadhi ya dawa, nahitaji kuzijua zote."

Mchanganyiko gani ungefaa

Kwa mgonjwa huyu, midazolamu peke yake. Si kwa kuogopa fentanili, bali kwa sababu katika upasuaji wa kinywa kazi ya kuondoa maumivu inafanywa na ganzi, na ikifanywa vizuri hakuna kazi iliyobaki kwa dawa ya pili. Uingereza, viwango vya utulizaji katika tiba ya meno vya mwaka 2015 vinaitambua midazolamu ya mshipani peke yake kama njia ya kawaida kwa mtu mzima. Kuichanganya na opioidi, kundi la dawa za maumivu kama fentanili, kunahesabiwa njia ya ngazi ya juu, yenye mafunzo yake. Tunaona mpaka huo umewekwa mahali pake. Midazolamu huanza na 2 mg, husubiriwa dakika 2, kisha 1 mg kila dakika 2 hadi maneno yaburuzike. Kwa kawaida huishia kati ya 3.5 na 5 mg, na haipaswi kupita 7.5 mg. Mzee huanza na 0.5 hadi 1 mg na husubiriwa muda mrefu zaidi.

Jambo moja la mezani: tazama ampuli. Ipo ya 5 mg katika 5 ml, na ipo ya 15 mg katika 3 ml. Ya pili ina 5 mg kwa kila mililita, na aliyezoea kusukuma mililita mbili mbili atatoa 10 mg akidhani ametoa 2. Uingereza ilitoa onyo la kitaifa juu ya kosa hili mwaka 2008. Ukiwa na ya 15 mg pekee, vuta 1 ml, ongeza 4 ml za maji ya chumvi, bandika lebo "1 mg kwa 1 ml".

Fentanili ina mahali pake: kazi ndefu ya mfupa, au mgonjwa anayeshindwa kuvumilia shinikizo na mkao ingawa ganzi imeshika. Ikitumika, hutangulia. Mikrogramu 25 hadi 50, subiri dakika 5, kisha midazolamu kidogo kidogo ukitegemea kutumia pungufu kwa theluthi au zaidi. Ikija mwisho, kama ilivyokuwa hapa, inakuta midazolamu iko kileleni na huwezi kuirudisha nyuma. Pethidini hatuipendekezi kwa kazi hii. Hukaa mwilini muda mrefu mno kwa mgonjwa wa kurudi nyumbani.

Ketamini inavutia kwa sababu iko karibu kila hospitali ya wilaya na huacha pumzi ikiendelea. Midazolamu 2 mg ikifuatiwa na ketamini 10 hadi 15 mg kwa mtu wa kilo 56 hutoa utulivu mzuri. Chupa yake ina 50 mg kwa mililita, kwa hiyo lazima ichanganywe: 2 ml ya dawa na 8 ml ya maji ya chumvi, upate 10 mg kwa mililita. Lakini huongeza mate, na mate pamoja na damu karibu na zoloto, yaani mlango wa njia ya hewa kooni, yanaweza kuifunga ghafla. Hupandisha presha na mapigo juu ya adrenalini ya ganzi. Na kubwa zaidi, ukizidisha kidogo mgonjwa anatazama dari kwa macho yanayochezacheza na hajibu, nawe umepoteza kipimo chako bora, yaani sauti yake. Haina dawa ya kuibatilisha.

Deksmedetomidini huacha mgonjwa akiamshika kwa urahisi na haizimi pumzi sana, ila hupunguza mapigo na presha, inahitaji pampu na dakika 10 za kuingiza dozi ya kwanza, na kuzinduka kwake ni pole pole. Propofoli iwe mikononi mwa mtu wa usingizi ambaye hana kazi nyingine chumbani humo. Diazepamu ya mshipani inachoma mshipa na kuacha masalia yenye nguvu kwa siku kadhaa. Penye midazolamu haina sababu ya kutumika. Naitrasi oksaidi, gesi ya kuvutwa puani, mahali mashine yake ipo, ni salama kuliko zote hizi kwa mwoga wa sindano, na angalau ingemvusha kwenye kanula na ganzi. Tatizo ni kwamba kifuniko cha puani hubanana na mikono ya daktari kwenye gego la mwisho.

Kuruhusiwa kwenda nyumbani

Baada ya flumazenili au naloksoni, mgonjwa haondoki kabla ya saa 2 kamili kupita tangu dozi ya mwisho ya kubatilisha. Huyu alikaa saa 4, kwa sababu alisinzia tena na kwa sababu ya erithromaisini. Aliondoka akitembea bila kushikwa, presha na oksijeni zikiwa kama za asubuhi, na dada yake akiwa ndiye aliyepewa maelekezo na kuyarudia kwa mdomo. Maelekezo yapewe msindikizaji, kwa maana midazolamu hufuta kumbukumbu na mgonjwa atasahau yote aliyoambiwa. Asiendeshe chombo kwa saa 24. Asipande bodaboda hata kama abiria. Anayesinzia nyuma ya pikipiki anaanguka. Asitume pesa kwa simu wala kutia sahihi jambo lolote siku hiyo, na usiku huo asilale peke yake.

Gego la 38 lilitolewa wiki 4 baadaye. Erithromaisini ilikuwa imeachwa siku nyingi. Fentanili haikuvutwa kwenye bomba wala kuwekwa mezani. Alionyeshwa ncha ya kipimo cha fizi kabla ya dawa na akafundishwa kuinua mkono wa kulia. Midazolamu 2 mg, kisha 1 mg, kisha 1 mg. Ganzi kwa katriji mbili, kusubiri dakika 7, kipimo kwenye mdomo wa chini: hakuinua mkono. Kwenye fizi ya upande wa ulimi: aliinua. Akaongezwa nusu mililita hapo, zikasubiriwa dakika 3, akapimwa tena. Keekee ilipoingia ndani ya jino mapigo yalikuwa 84. Katika safu ya mwisho ya karatasi ya ufuatiliaji, kila dakika, muuguzi aliandika "amejibu", mara 31.